Siku Nilipoacha Kuwa Mama wa Kaka Yangu

Mimi ni mdogo wa kaka yangu, tena ni mama yake. Usicheke. Watu wa serikali ya kule anakokaa hawakucheka hata kidogo, na mpaka leo sijaelewa ni nani kati yetu aliyekosea.

Nianze na kwetu. Ukoo wa mama yangu ni watu wa vijiji vya nyuma ya Kambove, wakulima na wavuvi wa mito, ambao wengine wao waliingia mjini Likasi kutafuta kazi za migodi wakabaki. Kwao mtu akifa, jina lake haliachwi lilale nje. Kilio kinaisha, mvua zinapita, halafu wakubwa wanakaa na kumchagua mmoja wa damu yake. Wanamkalisha kwenye mkeka, wanampaka unga kwenye paji la uso, wanamvika nguo ya marehemu, wanamwita kwa jina la marehemu, naye anaitika. Hiyo tunaiita kupyana. Tangu hapo wewe si mrithi wa vyungu na mikeka tu. Wewe ndiye yule. Watoto wake ni wako, wajukuu wake ni wako, na anayekudharau amemdharau yeye. Sisi ni Wakatoliki, misa tulisoma, na padri alikula bukari, yaani ugali, na kuku kwenye kupyana kwangu bila kuuliza swali lolote.

Mama alipokufa walinichagua mimi. Aliyenipaka unga ni mjomba, mdogo wake mama, mkulima ambaye huja mjini akiwa na gunia la mihogo begani hata kama amekuja kwa msiba. Nilitaka kukataa. Mama alikuwa mtu mpole, na mimi nina mdomo. Nashona nguo sokoni, na mteja akinisumbua sana juu ya mkono wa blauzi namrudishia kitambaa chake hivyo hivyo, akamsumbue mwingine. Nikamwambia mjomba kwamba sifai.

"Njo muzuri," akasema, yaani ndivyo vizuri. "Mama yako alinyamaza sana. Sasa atasema kidogo."

Watu wakacheka, mimi nikalia, wakanivika kikwembe, kitenge chake cha kijani, basi, ikawa imekwisha.

Aliyeumia ni mume wangu, au tuseme alijifanya kuumia. Yeye anafanya kazi kiwanda cha shaba, kwa zamu, na kesho yake alirudi kutoka kazini akasimama mbali, nje ya uwanja wetu, kofia mkononi, macho chini, kama mkwe mwenye adabu. "Bamama mukwe, mulilala muzuri?" Nikamuuliza ana wazimu gani. "Yo! Nilioa musichana, sasa niko nalala na mama mukwe. Mungu anisamehe." Nilimtupia kandambili. Tangu siku hiyo utani huo haukuisha. Nikipika sombe, majani ya muhogo, yenye chumvi nyingi, anasema hawezi kubishana na mama mkwe. Nikimwomba aninunulie kitu, anapiga goti. Moyoni nilifurahi, maana mtu anayetaniwa bado yupo.

Lakini aliyelichukua jambo hilo kwa uzito kuliko sisi wote alikuwa mbali, Bulaya.

Kaka yangu alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa akiwasaidia wachimbaji wadogo kusema na wakubwa, na shimo moja lilipoporomoka likawafunika watu, akaenda kuongea redioni juu ya mwenye shimo. Sitaji shimo wala mtu. Baada ya siku chache wakaja wanaume nyumbani kwa mama kumtafuta. Yeye alikuwa uani, nyuma ya ukuta wa jirani, amelala kifudifudi kwenye mahindi. Mama akasimama mlangoni, yule mama mpole asiyegombana hata na kuku, akawaambia: "Haiko hapa. Sikumuona." Wakamsukuma, wakapindua kabati, wakaondoka. Kaka akavuka mpaka wa Kasumbalesa siku iliyofuata. Mama alikuwa na ugonjwa wa presha tangu zamani. Akaanguka, hakuinuka tena. Tukamzika mama, kaka akiwa njiani, hatujui hata yuko nchi gani.

Kule alikofika akaeleza hayo yote. Walimuuliza habari za mama, akasema amekufa, na amekufa kwa sababu yake. Wakamwamini, wakampa hifadhi. Wakati ule mama alikuwa bado hajapyanwa. Tulimpyana baadaye, na siku ile kaka alikuwa kwenye simu, mtu ameishika karibu na mkeka ili asikie. Nilipoitika jina la mama, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita. "Mama." Akalia mpaka mjomba akasema simu itaharibika kwa machozi. Nikamwambia, "Yaya, nyamaza basi," maana kwetu mkubwa wako ni yaya. Akasema, "Hapana kuniita yaya. Niite mwana. Minye sikumuzika. Niachie angalau kumuita."

Nikamwachia. Ningefanyaje?

Basi kila Jumapili baada ya misa alipiga simu ya video. "Mama, namna gani?" "Mwanangu, tuko." Aliuliza kama nimekunywa dawa ya presha, na mimi sina presha, lakini nilijibu nimekunywa, kwa sababu ile presha ilikuwa ya mama. Alioa huko huko, msichana wa kwetu, wa Kolwezi, aliyekutana naye kwenye nyumba ya wakimbizi, wakapata mtoto wa kike. Mtoto alikua akiniita nkambo, yaani bibi. Alitaka kila mara nimwonyeshe kuku wangu, na nilimtolea hadithi za mama yangu kwa sauti ya mama yangu, ile ya chini chini, na sijui nilikuwa ninaitoa wapi. Mimi mwenye mdomo! Mume wangu alikuwa akipita nyuma yangu akisema, "Salimia mukwe wako hapa."

Halafu Jumapili moja kaka akapiga simu na uso umemshuka.

"Mama, sheria imebadilika," akasema.

Nilidhani anasema sheria ya kodi au ya magari, maana kule wana sheria hata ya kutupa takataka. Akasema hapana, sheria ya hifadhi. Zamani ukipewa karatasi, umepewa, unakaa, unasubiri miaka, unakuwa mtu wa hapo. Sasa bunge lao limesema ile haikuwa kupewa, ilikuwa kuazima. Karatasi ikifika mwisho, unaitwa upya, unahojiwa upya kama vile umeshuka jana.

"Ni kwa wale wapya," nikasema, "weye ulishafika zamani."

"Ni kwa wapya," akakubali.

Jumapili iliyofuata akasema ni hata kwa wa zamani. Iliyofuata tena akasema ni kwa wa zamani ambao kwao kumetulia. Nikamuuliza nani anayesema kwetu kumetulia, akasema kuna watu wanakaa ofisini wanasoma, wanaandika nchi hii sehemu hii ni nzuri, sehemu ile ni mbaya. Nikatazama nje. Lori la madini lilikuwa linapita, mama jirani anaanika nguo, umeme umekatika na bwawa la umeme la Koni liko hapa hapa karibu. Kumetulia? Hakujatulia? Ningeulizwa mimi ninayekaa hapa nisingejua kujibu. Wale waliomtafuta bado wanapita mjini na magari yao meupe, wananisalimia.

Wakamwita. Alikwenda bila hofu, maana hakuwa na uongo wowote. Mwanamke aliyekuwa akimhoji alikuwa na adabu, akampa maji. Akamuuliza, una nani Likasi? Na kaka yangu, aliyezoea miaka yote ile, akajibu bila kufikiri: nina mama yangu. Unaongea naye? Kila Jumapili. Anaumwa? Ana presha kidogo, lakini anakunywa dawa.

Yule mwanamke akafungua faili la zamani. Akamsomea maneno yake mwenyewe: mama yangu amekufa, walimsukuma, akaanguka, akafa.

Kaka alicheka, masikini. Alidhani ni jambo dogo la kueleza. Akaeleza kupyana. Akaeleza mkeka, unga, kikwembe. Akasema mama alikufa, kweli alikufa, lakini yuko kwa dada yangu. Yule mwanamke akauliza, kwa hiyo anaishi kwa dada yako? Ndiyo. Kwa hiyo yuko hai? Hapana. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama. Mwisho wakamwandikia kwamba kama mama yu hai, basi habari nzima ya wale wanaume haiaminiki, na aliyepata hifadhi kwa habari isiyo ya kweli atanyang'anywa, yeye na mke na mtoto, warudishwe. Sheria mpya ilikuwa na mkono mrefu kwa watu wa namna hiyo.

"Watanirudisha, mama," akasema kwenye simu. Halafu akajishika mdomo kwa kuniita hivyo.

Nilikasirika nikashindwa kushona siku hiyo. Nilimkasirikia yeye kwa mdomo wake, nikawakasirikia wale wa ofisini, nikajikasirikia mimi na dawa nisizokunywa. Mume wangu akanikuta nimekaa na mashine imefunguliwa uzi wote. "Bamama mukwe banakasirika?" akaanza. Nikamwangalia. Akakaa kando yangu akaanza kukunja uzi.

Kaka alikuwa na wakili, mwanamke mwenye miwani, anasema Kifaransa cha haraka kuliko changu cha shule. Alinipigia video. Mwanzoni alifurahi sana na habari ya kupyana. Akasema ni jambo zuri, tutalieleza vizuri, tutafute maneno ya mjomba. Nikamleta mjomba kutoka kijijini, na gunia lake la mihogo, akaeleza mbele ya simu toka mwanzo wa ukoo. Baadaye wakili akapiga tena: hapana, chini ya utaratibu mpya maelezo ambayo hayakusemwa kwenye mahojiano ya kwanza hayapokelewi. Nikamwambia kwenye mahojiano ya kwanza mama alikuwa hajapyanwa! Angeyasemaje? Akasema anaelewa. Akapiga tena: labda yatapokelewa, kuna kesi nyingine inasubiriwa. Halafu: hapana, hayatapokelewa. Nilifika mahali nikiona namba yake inaita, naifunika simu kwa kitambaa.

Mwisho akasema tufanye rahisi. Tulete cheti kwamba mama alikufa, na mimi nisimame mbele ya jaji kwa video, niseme mimi ni nani. Dada. Basi. Kaka alisema vibaya kwa uchovu. "Tafadhali, madame," akasema, "usieleze kitu. Ukieleza, wanachanganyikiwa. Jibu unachoulizwa tu."

Cheti nacho kilikuwa na mchezo wake. Nani huandikisha kifo kwetu? Tunazika. Nilikwenda ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, na karani, mtu wa makamo, akauliza marehemu ni nani wangu. Nikasema mama. Akaandika. Akauliza alishapyanwa? Kwa mazoea nikajibu ndiyo, ni mimi. Akaacha kalamu akasimama, akanisalimia kwa mikono miwili, "Bamama, karibuni, mukae." Mtu huyu huyu aliyekuwa ananiandikia kwamba mama amekufa! Akanipa kiti chake. Nilikaa pale nikingoja muhuri, nikajiuliza kama nchi moja nzima inaweza kuelewa na nchi nyingine nzima isielewe, na wote wanaandika kwenye karatasi nyeupe ile ile.

Jambo gumu lilikuwa mjomba. Nilipomwambia kwamba nitasimama mbele ya watu niseme mimi si mama, aliweka kikombe chini.

"Utasema nini?"

"Nitasema minye ni dada yake."

"Na mama?"

"Nitasema alikufa."

"Hiyo ni kweli," akasema. "Na wakikuuliza kama weye ni mama yake?"

Kwetu jina lililopyanwa halikanwi. Anayelikana mbele ya mashahidi amemfukuza marehemu, na marehemu aliyefukuzwa hana tena pa kwenda. Hawezi kupyanwa mara ya pili na mwingine. Wazee wanajua majina yaliyopotea hivyo. Wanayataja kwa sauti ndogo.

"Mama yenu alikuja kukaa kwako," mjomba akasema. "Tulimukaribisha hapa, kila mutu aliona. Sasa unamutosha inje. Ataenda kukaa wapi?"

Hapo mdomo wangu ukafunguka. Nikamuuliza, na yaya je, akirudishwa atakaa wapi? Na mke wake, na mtoto asiyejua hata mvua ya hapa? Wale watu wapo! Juzi mmoja wao aliniletea suruali nimshonee zipu! Mnataka nimtunze mfu nimpoteze aliye hai? Nilipiga kelele, jirani akatokea mlangoni. Kisha nikalia, kwa sababu niliona kwamba nilikuwa namfokea mdogo wangu, maana mjomba ni mdogo wake mama, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa kama mdogo anayefokewa na dada yake. Nikachanganyikiwa kabisa nani analia na nani anapiga kelele.

Mjomba akachukua kikombe chake, akanywa kilichobaki. Halafu akauliza, "Siku ile walikuja kutafuta mutoto, dada yangu aliwaambia nini?"

"Haiko hapa."

"Na mutoto alikuwa wapi?"

"Mu mahindi."

"Basi," akasema, "hapana kumufukuza. Tutamuficha."

Asubuhi yake aliomba unga kidogo. Aliumwaga kwenye kizingiti cha mlango wangu, akachuchumaa, akaongea na dada yake kwa lugha ya kwao, na mimi nikiwa nimesimama hapo hapo sijui kama ninaongelewa au ninaambiwa. Nilielewa hivi: Dada, kuna watu wanakuulizia. Utasikia mtoto wako anasema haupo. Usikasirike, usitoke, usijibu. Mambo yakitulia tutakuita. Alipomaliza akapanguza mikono akaniambia nivue kikwembe cha kijani, nikikunje, nikiweke chini ya vingine. Nikakiweka. Sikusikia kitu chochote. Nilidhani nitasikia kitu.

Siku ya jaji umeme haukuwepo, tukaenda kwa jirani mwenye sola. Mume wangu alishika simu juu ya mtungi wa maji ili isitingishike. Nikaona chumba cheupe, jaji mwanamume mwenye nywele za mvi, wakili na miwani yake, na kaka yangu upande, amevaa koti, amekonda. Mkalimani alikuwa mtu wa kwetu, nilisikia kwa sauti yake, na nikafikiri: huyu anajua. Huyu anajua kila kitu, na hawezi kusema.

Niliapishwa kusema kweli. Sikujua ipi.

Jaji akauliza huyu ni nani kwako. Nikasema ni kaka yangu. Akauliza mama yenu yuko wapi. Nikasema, hayupo. Alikufa. Akauliza nilikuwepo kwenye mazishi, nikasema nilikuwepo, nikaeleza jeneza, makaburi, mvua iliyotunyeshea. Hayo yote yalikuwa ya kweli na yalitoka kirahisi. Nikaanza kupumua. Mume wangu nyuma ya simu akanitikisia kichwa, tunakwenda vizuri.

Halafu jaji akasoma kitu kwenye karatasi, akauliza swali refu. Mkalimani akalileta polepole. Akasema: "Anauliza, je, weye ni mama wa huyu mutu, kwa namna yoyote ile?"

Kwa namna yoyote ile. Nilimwangalia kaka. Alikuwa ananiangalia kama mtoto wake anavyoniangalia nikichelewa kumaliza hadithi. Na nakwambia kweli, wakati ule nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kumwambia yule mzee wa mvi kwamba kila Jumapili najibu nimekunywa dawa za presha nisiyo nayo.

"Hapana," nikasema. "Kwa namna yoyote ile."

Kaka akainamisha uso. Jaji akaandika.

Baada ya hapo Jumapili zikapita bila simu. Mke wake alinitumia ujumbe tu kwamba wako wazima, wanasubiri. Niliposhona nilikosea vipimo. Mjomba aliniuliza kwa simu kama nimeota kitu, nikasema sijaota. Akasema, "Mama yenu eko anajificha muzuri," lakini sauti yake haikuwa na hakika.

Jibu likaja. Wakili alinipigia mwenyewe, anacheka: wamemwamini, hawamrudishi. Nikapiga vigelegele sokoni, wanawake wakaja kucheza kabla hawajajua sababu. Nilipotulia akanieleza mengine. Hawamrudishi, lakini karatasi ni ya muda mfupi, ikiisha watamwita tena, ndiyo sheria sasa. Na watakapomwita wanaweza kuomba kuona simu yake, ujumbe, sauti, majina aliyoandika. Kwa hiyo itakuwa vizuri, madame, kuanzia leo, wote mtumie neno moja. Dada. Tantine, yaani shangazi. Hata mtoto, kwa sababu watoto wanaulizwa pia.

"Mpaka lini?" nikauliza. Mjomba alikuwa amesema tutamwita mama mambo yakitulia.

Wakili akasema hajui. Kuna sheria nyingine iko bungeni.

Kaka akapiga Jumapili ile ile. Tulitazamana. "Dada," akasema, na hilo neno hakuwahi kuniita tangu utoto, alikuwa ananiita kwa jina langu la utani. Nikasema, "Yaya." Tukaulizana hali ya hewa kama watu waliokutana ofisini. Hakuuliza dawa. Akasema, ngoja nikupe mtoto.

Mtoto alichukua simu akaenda nayo chumbani, nikaona dari, mlango, kisha pua yake. Amejifunza Kiswahili chetu kwa baba yake, na anakisema polepole.

"Papa anasema nikuite tantine," akasema. "Anasema nkambo alikufa."

"Ee, mama," nikasema. "Alikufa."

"Lini?"

Simu ilikuwa ile ile ambayo wangeweza kuifungua. "Zamani," nikasema. "Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Alifikiri. Niliona anafikiri, paji la uso limejikunja kama la mama yangu kabisa. Nilijua atauliza basi nani alikuwa akimwonyesha kuku, nani alikuwa akimtolea hadithi, nikaanza kuomba asiulize. Hakuuliza.

"Sababu ya nini hamukuniambia?" akasema. "Minye sikumulilia."

Akaanza kulia. Si kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu. Alilia kama wanavyolia wakubwa kwenye kilio, anavuta pumzi, anaita, "Nkambo, nkambo yangu," na mimi niko mbele yake, uso kwa uso, ninasikia ninavyoitwa, na siwezi kuitika. Nikamwambia pole. Nikamwambia pole sana, kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa, na nikakaa naye hivyo mpaka baba yake alipokuja kuchukua simu.

Mume wangu aliingia uwanjani wakati huo, ametoka zamu, ana mkate mkononi. Akaniona nimekaa chini ukutani na miguu nimeinyoosha mbele. Kwetu hakuna mwanamke anayekaa hivyo bila sababu.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Mama."

Nilingoja utani. Aliweka mkate dirishani, akavua kofia, akakaa chini kando yangu.